Mashine ya boti, benki na tajiri wa samaki: riba iko wapi?

Swali

Asalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mvuvi wa Wete, Pemba. Boti ninayo, ya faiba, lakini mashine yangu imechoka. Mashine mpya ya farasi 40 inauzwa Unguja kwa shilingi 9,000,000 taslimu, na nimeshamwachia mwenye duka arubuni ya 500,000 asiiuze. Njia ninazo tatu. Benki ya kawaida imenipigia hesabu ya mkopo wa miezi 24, nitarudisha jumla ya 10,784,000. Benki ya Kiislamu inasema itainunua mashine na kuniuzia kwa murabaha kwa 10,800,000, yaani 450,000 kila mwezi kwa miezi 24. Wa tatu ni tajiri anayenunua samaki dikoni kwetu, pale boti zinaposhusha samaki. Atanikopesha milioni tisa bila riba hata senti moja, nimrudishie milioni tisa zile zile. Sharti lake ni kwamba samaki wangu wote nimuuzie yeye mpaka deni liishe, kwa shilingi 500 chini ya bei ya mnada kwa kila kilo. Kwa wastani napata kilo 20 kwa siku, na natoka kama siku 22 kwa mwezi. Wenzangu wanasema murabaha ni riba iliyovishwa kanzu, tena ghali kwa elfu kumi na sita zaidi, na kwamba mkopo wa tajiri ndio wa Kiislamu hasa. Nishike lipi?

Jibu

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Mwenyezi Mungu akujaalie kheri kwa kuuliza kabla ya kusaini. Wengi hunijia mkataba ukiwa umeshapigwa muhuri.

Nianze na tajiri, maana hapo ndipo wenzako walipokupoteza. Katika hadithi aliyoipokea Abdullah bin Amr bin al-As, iliyomo kwa Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai, Mtume (s.a.w.) alikataza mambo manne kwa pamoja: mkopo pamoja na mauzo, masharti mawili katika mauzo mamoja, faida ya kitu ambacho dhamana yake haiko juu yako, na kuuza usicho nacho. Ishike hadithi hii, kwa kuwa karibu suala lako lote limo ndani yake.

La kwanza, mkopo pamoja na mauzo, ndilo la tajiri wako. Mkopo katika sheria yetu ni wema. Unatoka milioni tisa, unarudi milioni tisa, na ujira wa mkopeshaji uko kwa Mola wake. Mtu akitaka faida juu ya mkopo na huku anaona haya kuitaja, huitia ndani ya bei ya kitu kingine. Hapa imetiwa ndani ya samaki. Mafakihi wameiweka kanuni: kila mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa kwa sharti ni riba. Maneno hayo kuyapeleka kwa Mtume kama hadithi kuna udhaifu katika isnadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi, lakini maana yake wameikubali wanazuoni wa madhehebu zote nne.

Tupige hesabu kwa namba zako mwenyewe. Kilo 20 kwa siku 22 ni kilo 440 kwa mwezi. Kila kilo unamwachia shilingi 500, basi kila mwezi anaondoka na 220,000 za ziada. Deni likichukua miezi 24, amepata 5,280,000 juu ya milioni tisa zake. Nyongeza ya benki ya Kiislamu ni 1,800,000, na ya benki ya kawaida ni chini kidogo ya hapo. Mkopo ulioambiwa hauna riba hata senti moja unakugharimu karibu mara tatu ya nyongeza ya benki yoyote kati ya hizo mbili. Tena kusi likikaza ukashindwa kulipa, muda unarefuka na punguzo la bei linaendelea kuliwa, na yeye anazidi kupata kadiri wewe unavyozidi kuchelewa. Watu wa zama za Jahiliya walikuwa wakimwambia mdaiwa, deni linapoiva, "utalipa au utaongeza?" Hiyo ndiyo riba iliyokuwa ikijulikana Qur'ani iliposhuka, na sharti la tajiri wako lina sura ile ile.

Simsemi tajiri kwa ubaya. Katika fukwe zetu watu kama yeye ndio waliowashika mkono wavuvi wakati hakuna benki iliyotaka hata kuwasikiliza, na huenda hajapata kukaa na mtu akamweleza. Pesa yake inaweza kukusaidia kwa njia safi ukimwendea na pendekezo jingine. Mwambie ainunue mashine iwe yake, uifungie kwenye boti yako, naye achukue ujira wa kukodisha mliokubaliana kwa mwezi, au kwa kila safari. Mashine ikiharibika bila uzembe wako, hasara ni yake, na samaki wako unauza mnadani kwa bei ya mnada. Nyinyi wavuvi mna desturi ya mafungu tangu mababu: fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Utauliza, kwa nini asichukue fungu la mashine? Hapo wanazuoni wametofautiana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu akitoa chombo chake kifanyiwe kazi kwa sehemu ya mapato, mkataba huo hausihi, na mwenye chombo anastahiki ujira wa mfano, yaani kodi inayolipwa kwa kawaida kwa chombo kama hicho. Kwa Imam Ahmad inajuzu. Mimi siwezi kuwaambia watu wa pwani nzima kwamba mgao wao wa miaka yote ni batili wakati Imam mkubwa kama huyo ameuruhusu, na uhai wao uko juu yake. Kwa anayetaka kutoka kwenye khitilafu, ukodishaji wa ujira maalumu hauna mgogoro.

Tuje kwenye benki mbili na hizo elfu kumi na sita.

Wanaokwambia "ni kitu kimoja, tena ghali zaidi" wamerudia hoja ambayo Mwenyezi Mungu ameinukuu katika Sura al-Baqara, aya ya 275. Walaji wa riba walisema kwamba biashara ni kama riba tu. Qur'ani haikuwajibu kwamba biashara itakuwa rahisi zaidi. Iliwajibu kwamba Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na ameiharimisha riba. Basi bei kulingana si hoja. Kuku aliyechinjwa na kibudu huenda wakawa na uzito mmoja na bei moja, na hakuna Muislamu atakayesema yupi amle ni mamoja.

Upo mfano mzito kuliko huo. Bilal (r.a.) alimletea Mtume (s.a.w.) tende nzuri aina ya barni. Alipoulizwa alikozitoa, akasema alikuwa na tende mbovu, akabadilisha pishi mbili za hizo kwa pishi moja ya barni. Mtume akasikitika, akasema hiyo ndiyo riba yenyewe, kisha akamwelekeza: uza tende zako, halafu kwa thamani yake nunua nyingine. Wamepokea Bukhari na Muslim. Tazama vizuri. Jioni ya siku hiyo Bilal angeweza kuwa na kiasi kile kile cha barni nyumbani kwake kwa njia zote mbili. Kilichotofautiana ni hatua za katikati, na hatua hizo ndizo zilizotenga haramu na halali. Katika muamala njia ni sehemu ya hukumu.

Je, hatua za katikati katika murabaha zina maana yoyote, au ni karatasi tu? Hili ndilo ningependa ulifahamu hata ukisahau mengine yote. Benki ya kawaida inakupa shilingi na inadai shilingi zaidi, na mashine haiihusu. Ikizama, ikiibiwa, ikifika mbovu, deni lako liko pale pale tangu dakika uliyopokea pesa. Muuzaji wa kweli hayuko hivyo. Akinunua kitu, kuna muda kitu hicho kiko shingoni mwake, na kikiharibika ndani ya muda huo amepata hasara yeye. Hapo ndipo anapostahiki faida. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi ya Bibi Aisha kwamba pato hufuata dhamana, na ndiyo maana ya lile katazo la tatu: faida ya kitu ambacho hukukibebea dhamana.

Kwako wewe muda huo unaweza kuuona kwa macho. Mashine iko dukani Unguja, wewe uko Wete. Itapakiwa bandarini Malindi, huko huko Unguja, ivuke bahari. Waulize benki swali moja: mashine ikianguka baharini njiani kabla sijaikabidhiwa, nani amepoteza milioni tisa? Wakikujibu "sisi, na wewe hutatudai wala hatutakudai", basi hao ni wauzaji, na faida yao ya 1,800,000 ni faida ya biashara. Wakikujibu "wewe, kwa kuwa umeshasaini", hao ni wakopeshaji, waite murabaha, waite jina lolote. Bei mbili zako zinakaribiana kwa sababu benki za Kiislamu hutazama soko la mikopo zinapopanga faida yao. Hilo silipendi, na natamani siku moja zipime faida kwa biashara yenyewe. Hata hivyo kutazama bei ya jirani hakuharamishi bidhaa yako.

Kuongeza bei kwa sababu ya muda nako kusikutie shaka. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alinunua chakula kwa Yahudi kwa malipo ya baadaye, akaweka rahani deraya yake ya chuma. Ama bei ya mkopo kuzidi ya taslimu, wameiruhusu wengi wa wanazuoni wa madhehebu nne, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi, la wanazuoni wa nchi za Kiislamu, lilipitisha hivyo Jeddah mwaka 1990, kwa sharti kwamba mnapoachana mmeshika bei moja. Huwezi kusaini karatasi inayosema "milioni tisa ukilipa mapema, kumi na laki nane ukichelewa".

Sasa arubuni yako. Hapa kuna tatizo, na ninashukuru umelitaja, kwa sababu watu hulificha wakidhani ni jambo dogo. Murabaha inasihi benki ikinunua kitu kutoka kwa mwenyewe kisha ikuuzie wewe. Kama wewe umeshakubaliana na mwenye duka, bei imetajwa na arubuni imetoka, inaweza kuwa mmeshafunga mauzo, na mashine ni yako. Benki ikienda kulipa baada ya hapo haikununua chochote. Imekulipia deni lako la dukani, nawe utailipa kwa nyongeza. Hiyo ni riba kamili, na hakuna mhuri wa bodi yoyote ya sharia utakaoisafisha. Isitoshe, arubuni ya namna hii, ya kwamba nikiacha kununua pesa imekwenda, katika madhehebu yetu haijuzu. Wahanbali wameiruhusu, na Baraza la Fiqhi likaifuata rai yao mwaka 1993. Basi uamuzi wangu kwako ni kuuvunja kwanza mpango wa dukani, nao uvunjwe kwa maandishi.

Imam Shafi amelizungumza jambo lako karne kumi na mbili zilizopita. Katika Al-Umm anasema mtu akimwonyesha mwenzake bidhaa na kumwambia "inunue hii, nami nitakupa faida kadhaa", naye akainunua, ununuzi wake ni sahihi. Aliyeahidi faida ana hiari, akitaka atanunua, akitaka ataacha. Wakijifunga wote wawili tangu mwanzo, imebatilika, kwa kuwa wameuziana kitu kabla muuzaji hajakimiliki. Hilo ndilo katazo la nne, kuuza usicho nacho, na ndilo aliloambiwa pia Hakim bin Hizam alipomuuliza Mtume kuhusu wateja wanaomjia kutaka bidhaa asiyokuwa nayo.

Benki za leo husema, tukikuachia hiari kamili utatuachia mashine ghalani. Kwa ajili hiyo Baraza la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, likakubali kwamba ahadi ya upande mmoja inaweza kumbana aliyeahidi, kwa maana ya kulipa hasara halisi aliyoisababisha kwa kurudi nyuma. Ahadi inayowafunga pande zote mbili kama mauzo halikuikubali. Kwa hiyo usishangae benki ikikutaka uandike ahadi ya kununua na uweke amana ya kuonyesha nia. Shangaa wakitaka usaini mauzo yenyewe siku hiyo hiyo, mashine ikiwa bado ya mwenye duka.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma mikataba ya watu, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni la tarehe. Mmoja aliniletea mafaili ya biashara yake na taasisi moja inayojiita ya Kiislamu. Mkataba wa kumuuzia ulikuwa na tarehe ya siku nne kabla ya ankara ya benki kununua, na ankara yenyewe iliandikwa jina la mteja. Pesa zilikuwa zimeingia kwenye akaunti ya mteja, "akanunue mwenyewe kwa niaba ya benki". Iliniuma sana, kwa sababu yule mtu aliikimbia riba kwa moyo safi, akalipa zaidi ili aikimbie, na wahudumu wakamrudisha kule kule kwa kuona uvivu wa kufuata hatua tatu. Kwenye viwango vya AAOIFI, taasisi iliyoko Bahrain ambayo benki nyingi za Kiislamu hufuata kanuni zake, asili ni kwamba benki inunue yenyewe au kupitia wakala asiye mteja, na mteja afanywe wakala kwa dharura tu, huku pesa zikilipwa moja kwa moja kwa muuzaji. Kwa hiyo ankara iwe kwa jina la benki, malipo yaende dukani, benki au wakala wake aipokee mashine, na baada ya hapo ndipo wewe usaini kuinunua. Wakikwambia hatua hizi zinachelewesha, waambie utasubiri.

Mambo mengine ya mkataba nitayapitia haraka. Kipengele cha kuchelewa kisiongeze deni lako hata kwa shilingi. Kinachoruhusiwa ni kwamba usipolipa, mafungu yaliyobaki yaive kwa pamoja, ikiwa mlisharitiana hivyo. Benki nyingi huweka ahadi ya mteja kutoa sadaka akichelewa ilhali ana uwezo. Hiyo ina nafasi yake, ila hakikisha imeandikwa kwamba pesa hiyo haiingii kwenye mapato ya benki. Ukikwama kweli, aya ya 280 ya al-Baqara inaamuru mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Ukiwahi kumaliza, benki inaweza kukupunguzia kwa hiari yake, lakini punguzo hilo lisiwe sharti ndani ya mkataba. Mashine kuwekwa rahani kwa deni lake, au kuleta mdhamini, hakuna ubaya.

Kuna jambo ambalo wavuvi hamliombi na mna haki ya kuliomba. Nani alisema lazima ulipe 450,000 kila mwezi sawasawa? Wakati wa kaskazi bahari imetulia, unakwenda hata dago, kambi ya uvuvi ya mbali, na kurudi na pesa. Kusi likivuma kuna wiki nzima boti inalala mchangani. Deni la mauzo, kiasi kikishajulikana na tarehe zikishajulikana, mafungu yake yanaweza kupangwa mtakavyo. Omba ulipe 600,000 kwa miezi ya bahari nzuri na 300,000 kwa miezi ya kusi, jumla ibaki 10,800,000 ile ile. Kwa nusu na nusu ya miezi 24, hesabu inatimia bila kuzidi wala kupungua. Mkopeshaji wa riba atakutoza kwa kila shilingi uliyoichelewesha. Muuzaji ambaye bei yake imeshakatwa hana sababu ya kukataa, ila uzito wa kuandika ratiba upya.

Ukiona hatari ya kupoteza mashine ni kubwa, waulize pia kama wana ijara, yaani benki ibaki mmiliki na wewe ukodi mpaka mwisho uimiliki kwa mkataba wa peke yake. Katika murabaha, ukishaikabidhiwa mashine, ikiibiwa usiku ni msiba wako na deni linaendelea. Katika ijara, ikipotea bila uzembe wako, hasara ni ya mwenye mali na kodi inasimama. Mara nyingi huwa ghali kidogo, na sasa unajua ni kwa nini.

Jumatatu, basi, nenda Unguja au mpigie mwenye duka. Mwambie umeufuta mpango, akurudishie laki tano zako na risiti ya arubuni ichanwe. Akiwa muungwana atakubali, maana mashine yake itauzwa vile vile, ila mnunuzi atakuwa mwingine. Ndipo uende benki na barua ya ahadi peke yake, uwaambie mashine iko duka gani na bei yake, uwaulize lile swali la mashine kuanguka baharini, na ratiba ya kusi na kaskazi iandikwe kabla ya wino wako kugusa karatasi.